Meza ya marumaru yenye maua ya mawe: kabla hujalipa, kabla hujaisafisha

Mkuu, umeuliza kama hiyo meza ya duara anayokuuzia jirani anayehama Capri Point ni ya kale kweli, na kama limau litaitakatisha. Naanza na limau: usithubutu. Kazi yangu ni kukata na kung'arisha mawe hapa Kirumba, Mwanza, na meza za aina hiyo nimezishika.

Marumaru ni jamii ya chokaa. Tone la limau au siki linakula mng'aro na kuacha doa lililofifia ambalo hata usugue vipi halitoki. Mawe ya rangi yanayopachikwa kuwa maua, kama malakaiti ya kijani na lapis lazuli ya bluu, nayo yanaumia. Tumia kitambaa chenye maji na sabuni laini, kisha kausha.

Na fundi akikwambia ataipiga mashine, mshukuru uondoke. Sisi tumezoea graniti ya huku kwetu, ambayo ni ngumu kote. Niliwahi kuletewa meza iliyopigwa diski hivyo hivyo. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, marumaru ni kama 3, na akiki, jiwe la yale maua, inakaribia 7. Diski ikala ile nyeupe, maua yakabaki yamevimba juu. Ukipitisha ukucha unakwama kwenye kila petali. Kuirudisha sawa ni kazi ya mkono, na si ya siku moja.

Sasa ukale. Hata ikiwa imetoka India, huo si ushahidi, maana mjini Agra mafundi wanachonga vijishimo kwenye marumaru na kupachika mawe mpaka leo, kama ilivyofanyika Taj Mahal. Meza za Florence, Italia, ambako mtawala Ferdinando de' Medici alianzisha karakana mwaka 1588, mara nyingi ni vipande vyembamba vilivyounganishwa ukingo kwa ukingo.

Mulika tochi ya simu kwa ubavu. Jiwe likikatwa vizuri, gundi huioni kirahisi. Ukiona rangi imejaa shimo hadi pembeni, hiyo ni plastiki. Lapis halisi mara nyingi ina chembe za kung'aa kama dhahabu au michirizi myeupe, na malakaiti ina mistari ya kijani kilichokolea na kilichopauka. Bluu moja tupu naitilia shaka. Mwenye mali akikuruhusu, pitisha pamba yenye asetoni (dawa ya kufutia rangi ya kucha) kwenye ua la pembeni uone kama inatoka na rangi, dalili kwamba ua limetiwa rangi.

Bila risiti au picha ya zamani ya familia yenye meza hiyo, mimi ningelipa bei ya meza nzuri tu, ya ukale asahau.

Ukikubaliana naye, tenganisha uso wa meza na miguu, uusimamishe kwa ukingo ndani ya guta na magodoro pande zote mbili. Ukiulaza, shimo moja tu la barabara linaupasua katikati.