Oksimita ya bibi inasoma 97, mara 84, mara 93: mimi inayonitia wasiwasi ni hiyo 93

Kaka, nimesoma uzi wako mara mbili na picha zote tatu nimezikuza kwenye simu. Kwa mnaoingia sasa hivi: bibi yake yuko Tandahimba, ana miaka 72, ana pumu ya siku nyingi, na wiki iliyopita alikuwa shambani wakati jirani akipulizia salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho. Tangu siku hiyo kifua kinabana. Kaka yuko Dar, amemtumia binti wa dada yake anayekaa na bibi oksimita, kile kipima oksijeni cha kubana kidoleni, na binti anampigia picha mjomba wake kila siku. Juzi asubuhi kilisoma oksijeni asilimia 97, jana mchana 84, jana usiku 93. Swali lake ni aamini ipi. Wachangiaji watatu hapo juu wamemwambia kifaa ni feki, akitupe.

Usikitupe. Mimi ni muuguzi hapa Mtwara, huu ni mwaka wa 14, na oksimita naishika kila zamu kuliko hata kalamu. Ngoja nikuonyeshe ninachokiona mimi kwenye picha zako.

Picha ya mchana, ile ya 84. Bibi amekaa barazani, jua limempiga mkononi moja kwa moja, na kidole hakijafika mwisho wa kibanio, ukucha unaonekana nusu. Chini ya 84 kuna namba nyingine ndogo, 43. Hiyo ni mapigo ya moyo kwa dakika. Sasa mtu anayehema kwa kubanwa kifua, moyo wake unakimbia. 43 haiendani na hali uliyoieleza. Na kile kijiti cha pembeni kinachopanda na kushuka kimekwama chini kabisa. Maana yake kifaa kilikuwa hakioni damu ikipita, kikaokota mwanga wa jua na mtikisiko wa mkono kikatoa namba. Hiyo 84 kwangu haina thamani, irudiweni ndani.

Picha ya usiku sasa. Kidole kimeingia chote, mkono umetua juu ya mto, kijiti kimejaa, mapigo 118, oksijeni 93. Hapo kifaa kinaona vizuri. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba bibi anakata maneno katikati ili avute pumzi. Ndiyo maana nakuandikia kirefu hivi asubuhi hii badala ya kulala, nimetoka zamu.

Nieleze kidogo kinavyofanya kazi, maana ukishajua hili huhitaji mtu wa kukwambia picha ipi ni ya kuamini. Usiku washa tochi ya simu, iwekee kidole juu. Kidole kinakuwa chekundu, mwanga unapenya. Oksimita inafanya hivyo hivyo kwa taa mbili: moja nyekundu, ya nanomita 660 hivi (urefu wa wimbi la mwanga), na nyingine ya infraredi, 940 hivi, ambayo macho hayaioni. Damu iliyobeba oksijeni inaupitisha ule mwekundu kwa wingi na kuumeza zaidi ule wa infraredi. Damu iliyopungukiwa inafanya kinyume. Upande wa pili wa kidole kuna kijicho kinachopima mwanga uliofika. Lakini kidole kina nyama, mfupa, ngozi, na damu ya vena inayorudi, vyote vinameza mwanga. Kitu pekee kinachopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo ni damu ya ateri, ile inayotoka moyoni. Kwa hiyo kifaa kinaacha kila kilichotulia na kuhesabu kile kinachocheza tu. Wazo hilo ni la mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Alikuwa anatafuta njia ya kupima damu inayosukumwa na moyo, mapigo yakawa yanamvurugia vipimo vyake, akagundua kwamba yale yale yanayomsumbua yanaweza kumpa kiwango cha oksijeni bila kumtoboa mtu sindano.

Ndiyo maana nasema kila siku kwa wanafunzi wetu wodini: mapigo kwanza, oksijeni baadaye. Shika kifundo cha mkono wa bibi upande wa kidole gumba, hesabu mapigo dakika nzima, linganisha na ya kwenye kifaa. Yakikaribiana, isome oksijeni. Yakipishana sana, ondoa kifaa, sugua mkono upate joto, jaribu kidole kingine.

Kuna jambo la ngozi zetu, na hili halisemwi vya kutosha. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha namba za oksimita na damu halisi iliyochotwa kwenye ateri za wagonjwa. Kwa wale ambao kifaa kilisema wako kati ya 92 na 96, damu ilionyesha wako chini ya 88 kwa karibu 12 kati ya kila 100 weusi, na karibu 4 kati ya 100 weupe. Yaani kifaa huwa kinatupendelea sisi weusi, kinatupa namba nzuri kuliko hali halisi. Tena hata kwenye ngozi yoyote oksimita nzuri inaweza kukosea kwa 2 au 3. Kwa hiyo 93 ya bibi yetu wa Tandahimba mimi siipokei kama 93. Naipokea kama "inaweza kuwa 90, inaweza kuwa chini ya hapo".

Rangi za kucha nazo zinachanganya, hasa nyeusi. Tuliletewa bibi harusi siku moja usiku, amezimia ukumbini, piko imejaa vidole vyote vya mikono na miguu, kucha nyeusi tii. Oksimita ikasoma 81. Ndugu waliposikia 81 wakaanza kulia. Binti mwenyewe midomo myekundu, anaongea, anaomba maji. Nikakigeuza kifaa robo, kikabana kidole ubavuni badala ya juu ya ukucha, mwanga ukapita pembeni ya piko: 98. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Kama bibi amepakwa hina au rangi, mwambie binti afanye hivyo hivyo.

Sasa naomba muda kwa hili moja, maana linaniuma hadi leo. Nikiwa kituo cha afya kule juu uwandani, upande wa Newala, mwezi wa saba, baridi ya usiku mnaijua, aliletwa binti wa miaka 11 anatapika na kichwa kinampasuka. Nikambana kidole: 99, mapigo 130. Nikaandika 99 kwenye faili, nikamwambia mama yake akae kwenye benchi kuna watoto wenye hali mbaya zaidi. Tabibu alipopita akamuuliza mama mmelala wapi. Mama akasema chumbani, tumeingiza jiko la mkaa tuote. Palepale tabibu akamwinua mtoto mwenyewe akampeleka kwenye oksijeni. Moshi wa mkaa una kaboni monoksidi, nayo inaishika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kwa oksimita hizi za kawaida damu hiyo inaonekana nyekundu safi kama iliyoshiba. Mtoto alikuwa anakosa hewa na kifaa kinasema 99. Alipona. Lakini ile 99 kwa mwandiko wangu bado naiona. Kaka, uliza: bibi anapikia wapi, analala na jiko? Kama ndiyo, litoke nje leo.

Pia kifaa hakijui mtu ana damu kiasi gani. Mama mjamzito mwenye damu 5 anaweza kusoma 99, kwa sababu damu chache aliyonayo imeshiba. Kwa hiyo anayetweta akipanda ngazi huku oksimita inasema vizuri, apimwe wingi wa damu.

Na kwa wenye pumu, namba inaweza kukaa juu muda mrefu huku mtu anachoka. Bibi anajitahidi kwa misuli ya shingo na mbavu, oksijeni inashikilia 95, 94, halafu akichoka inaporomoka kwa haraka. Kifua kilichokuwa kinapiga mluzi kikinyamaza ghafla na mtu bado anahema, msishukuru. Hewa imeacha kupita. Hapo ni kukimbia.

Fanyeni hivi sasa hivi, kabla ya chai, huku mkitafuta usafiri. Bibi akae ameegemea, ndani, mkono kwenye mto usawa wa kifua, apumzike dakika tano. Kifaa kikae kidoleni dakika nzima, binti asisome namba ya kwanza inayotokea. Wakati huo ahesabu pumzi za bibi kwa dakika kamili bila kumwambia, maana mtu akijua anahesabiwa anabadilisha pumzi. Mtu mzima aliyetulia ni kati ya 12 na 20. Zikifika 25, au oksijeni ikiwa 94 kushuka, mpelekeni hospitali ya wilaya leo, msingoje kesho wala msingoje wewe ushuke kutoka Dar. Ikiwa chini ya 90 na mapigo yanalingana, au midomo imekuwa ya bluu, au hawezi kumaliza sentensi, au amechanganyikiwa, ni bajaji sasa hivi. Akae wima njiani, msimlaze. Binti abebe ile dawa yake ya kuvuta na karatasi ya namba zote na saa zake, hiyo karatasi itamsaidia daktari kuliko unavyodhani.

Kwa ulivyoeleza jana usiku, kukatisha maneno, mapigo 118, 93, mimi nisingesubiri hata kurudia kipimo. Mpigie binti sasa. Na mkimrudisha nyumbani, asikanyage shambani hadi upulizaji wa salfa uishe, hata kama jirani anasema upepo unaelekea kwingine.

Nalala hadi saa nane. Niwekee hapa walichokuta hospitali, nikiamka nasoma.