Maswali na Majibu: Mashahidi Wataalamu katika Shauri la Radiamu

Swali: Katika shauri la wanawake watano wa New Jersey waliougua baada ya kupaka nyuso za saa rangi ing'aayo gizani yenye radiamu (metali inayotoa mnururisho, yaani miale inayoweza kudhuru mwili), huku wakichonga ncha za brashi kwa midomo, ni ushahidi upi wa kitaalamu uliokuwa na uzito zaidi?

Jibu: Ni ule wa vipimo, wala si wa vyeo. Tangu 1925 Harrison Martland, mchunguzi mkuu wa vifo wa kaunti ya Essex, New Jersey, alikuwa ameonyesha kwamba mwili huipokea radiamu kama unavyoipokea kalisi, nayo ikishakaa mifupani huendelea kuiharibu kutoka ndani. Mwanafizikia Elizabeth Hughes alipima pumzi za walalamikaji na kukuta zina mnururisho. Zaidi ya hayo, Oktoba 1927 ulifukuliwa mwili wa Amelia Maggia, mfanyakazi mwenzao aliyefariki 1922 na kuandikiwa kwamba ameuawa na kaswende. Mifupa yake ilipowekwa gizani pamoja na filamu ya picha, iliacha alama kwenye filamu, na dalili za kaswende hazikupatikana. Radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo miaka 5 ya kaburini haikuwa imepunguza chochote cha maana. Daktari aliyeandika kaswende bila uchunguzi wa kutosha alimdhulumu marehemu, na ninalisema hili bila kusita.

Swali: Je, Marie Curie, mwanasayansi aliyeshiriki kuigundua radiamu, alitoa ushahidi mahakamani?

Jibu: Hapana, na naomba swali hili lisiletwe tena.

Swali: Frederick Flinn wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwapima wanawake hao akasema ni wazima. Kwa nini apuuzwe?

Jibu: Wanaouliza hivi hawajatazama kwanza mtaalamu alilipwa na nani. Flinn alilipwa na kampuni ya United States Radium, iliyoshtakiwa, na hakuwa daktari wa tiba, ingawa wanawake aliowapima waliamini wamepimwa na daktari. Msomaji yeyote anayepelekwa kwa mtaalamu wa mwajiri wake adai nakala ya majibu, kisha akapimwe kwingine.

Swali: Ripoti ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu kiwanda cha kampuni hiyo ilifichwaje?

Jibu: Mwaka 1924 Cecil Drinker na wenzake walikagua kiwanda hicho, kilichokuwa Orange, New Jersey, kwa ombi la kampuni yenyewe. Walikuta wafanyakazi wamegandwa na vumbi kiasi kwamba gizani nywele, nyuso, mikono na hata nguo zao za ndani ziling'aa, na damu za waliopimwa hazikuwa za kawaida. Kampuni ikaizuia ripoti, ikaiambia Idara ya Kazi ya jimbo kwamba wafanyakazi wote wana afya njema. Drinker aliichapisha 1925 licha ya kutishiwa kushtakiwa, na kwa hilo namheshimu, lakini habari ya hatari kwa uhai haikupaswa kungoja ridhaa ya mwenye kiwanda hata siku moja.

Swali: Hatimaye mahakama iliamua nini?

Jibu: Haikuamua. Aprili 1928 shauri liliahirishwa hadi Septemba, na wakili wa kampuni akakataa tarehe ya karibu zaidi kwa hoja kwamba wataalamu wake watakuwa Ulaya, ilhali baadhi ya walalamikaji hawakuweza tena kuinua mkono kula kiapo. Magazeti yalikemea vikali, na Juni wakafikia suluhu: dola 10,000 kwa kila mmoja, dola 600 kwa mwaka, na gharama za matibabu. Kampuni haikukiri kosa. Kwa kuwa hapakuwa na hukumu, wanawake wa Ottawa, Illinois, walioumizwa na rangi ileile katika kiwanda cha kampuni nyingine, walilazimika miaka 10 baadaye kuita madaktari waanze upya kuthibitisha kwamba radiamu inaua.