Ukianza kazi kiwanda cha minofu, uliza upepo unavuma wapi

Wiki ya kwanza utafundishwa kunoa kisu, kunawa mikono na kuvaa gambuti nyeupe. Habari za moto utaonyeshwa bango ukutani, utasaini fomu, basi. Mimi nilisaini hivyohivyo miaka tisa iliyopita, hapahapa Mwanza.

Kabla hujashika sangara wako wa kwanza, toka mezani kwako utembee mpaka mlango wa dharura, kisha uusukume. Nilikoanzia ulikuwa na kufuli, ati minofu inaibwa, na ufunguo alikaa nao msimamizi wa zamu, ambaye muda wa chakula unamkuta kwa mama lishe nje ya geti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haitaki hayo: watu wakiwa ndani, mlango ufunguke kwa ndani bila kutafuta mtu. Ukiukuta umefungwa, mwone mwakilishi wa usalama. Mlinzi usigombane naye, kaagizwa tu.

Ila kilichonifundisha mimi ni amonia, gesi ya mitambo ya baridi. Bango letu lilisema tukusanyike ufukweni. Mchana ni sawa kabisa, maana upepo unatoka ziwani na kuisukuma gesi upande wa barabarani. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, upepo unageuka kuelekea ziwani. Muulize mvuvi yeyote wa dagaa. Valvu ilivuja saa nane usiku. Tukatii bango, na harufu ikatufuata. Nyuma maji, mbele gesi, macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Tulipenya kando ya ukuta, vitambaa vilivyolowa puani, kwa kuwa amonia hunaswa na maji. Hakufa mtu. Siku hizi pana sehemu mbili za kukusanyika na bendera juu ya paa. Itazame kwanza, halafu ukate upepo kwa ubavu, yaani utembee upepo ukikupiga ubavuni. Macho yakiingiwa, yaoshe kwa maji mengi dakika 15, hata kama yametulia.

Mitungi ya kuzimia moto usiiogope, ila usiiamini kupita kiasi. Wa unga una geji, mshale ukae kwenye kijani. Wa kaboni dayoksaidi hauna, hupimwa kwa mizani. Ule wa unga wa kilo 6 haumalizi hata nusu dakika. Kwa hiyo maboksi ya foam yakishaanza kutoa ule moshi mweusi, achana nayo, toka.

Zimamoto ni 114. Taja alama inayojulikana, na mtu asimame barabarani kuwaelekeza.

Na wewe kibarua wa siku, andikisha jina lako mwenyewe getini. Usiku ule majina yaliitwa yote, yote yakaitikiwa. Nyuma yangu kijana wa kupakia barafu alikuwa anatetemeka, anaitikia jina la kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani amelala.