Fundi wa Nyuzi Anajibu: Chuma mshazari kwenye lap stili

SWALI: Shikamoo Fundi. Napiga solo bendi ya dansi hapa Morogoro, juzi kati nimepata lap stili ya nyuzi sita, lile gita la kulaza mapajani unaloteleza juu yake kipande cha chuma badala ya kubonyeza, imetyuniwa C6. Chuma kikiwa kimenyooka mambo freshi, ila nikitaka zile sauti mbili mbili tunazopiga kwenye solo za rumba, baadhi zinakubali nyingine zinalia kama zimelewa. Kwenye video naona jamaa wanaweka chuma mshazari, mimi nikijaribu ni kelele tupu. Nakosea wapi?
Solo wa Moro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, ni C6 yenyewe ilivyo. Kuanzia uzi mnene una noti C, E, G, A, C, E, sasa chuma kikinyooka umbali wa sauti kati ya nyuzi unabaki uleule popote uendapo, wakati skeli inataka ubadilike, mara uwe mpana mara upungue nusu sauti. Kwenye gita la kawaida vidole vinamaliza hilo wala huwazi. Hapa una chuma kimoja tu, kwahiyo lazima kilale.

Kuna mshazari wa mbele, ncha ya chuma inaelekea kwenye pikapu, kile kinasa sauti cha nyuzi upande wa mkono wa kulia, na wa nyuma, ncha inarudi kule kwenye vikazio vya nyuzi. Anza na wa mbele, wa nyuma uache kwanza. Mkono wako wa kushoto tayari unatokea ubavuni na kuelekea kulia, mshazari wa mbele unaufuata huohuo, lakini wa nyuma unakunja kiwiko na dole gumba inabidi lisukume kitako cha chuma huku kidole cha shahada kinavuta ncha, mtu mgeni chuma kinamdondokea mapajani.

Sasa chukua uzi wa 2 na wa 5 tu, ukihesabu toka uzi mwembamba, hiyo ndo sita yenyewe ya rumba unayoitafuta, yaani noti mbili zilizoachana hatua sita za skeli ukihesabu zote mbili. Tupige skeli ya C, melodi ikiwa juu kwenye uzi wa 2, tunaanzia E. Uzi wa 5 freti ya 3 na uzi wa 2 freti ya 4, mshazari. Halafu freti ya 5 umenyoosha, ya 7 umenyoosha, kisha mshazari 8 na 9, mshazari tena 10 na 11, freti ya 12 nyoosha, mshazari 13 na 14, malizia mshazari 15 na 16. Hapo umetoka E mpaka E ya juu, na mshazari wa nyuma hujaugusa hata mara moja!

Kinachowaangusha wengi ni pembe. Wanaikariri moja halafu wanapanda nayo shingo nzima. Lap stili yenye urefu wa sentimita 57 toka nati, pale nyuzi zinapoanzia juu ya shingo, mpaka daraja zinapoishia, kati ya freti ya 3 na ya 4 kuna karibu milimita 27, ukifika 15 na 16 imebaki nusu yake, 13 na ushee, kwahiyo kila unavyopanda chuma kinatakiwa kinyooke kidogo. Na usisahau freti hapa ni mistari ya kuangalia tu, chuma kinakaa juu ya mstari wenyewe sio nyuma yake kama ulivyozoea kubonyeza. Angalia toka juu kabisa, ukiangalia kwa pembeni jicho linakudanganya.

Zile kelele zako nahisi ni uzi wa 3 na wa 4. Chuma kikilala, hizo za katikati zinaangukia kati ya freti na freti, hazipo sauti yoyote ya maana, kwahiyo mkono wa kulia uzibe na kiganja, upige kwa gumba na kidole cha kati peke yake. Kushoto nako vidole viwili vya mwisho viburuze nyuma ya chuma. Vibrato, ule mtikiso wa chuma, usiweke kwanza, inaficha chuma kilichokaa vibaya, piga kavu na tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti, ikiwa imewashwa, uzi mmoja mmoja, ndo upige pamoja.

Mzee Jerry Byrd wa Marekani aliishi na mishazari hii maisha yake yote. Miaka ya 1950 wenzake wakakimbilia stili za pedali, maana pedali inavuta uzi bila kulaza chochote, yeye akagoma, na baadae akahamia Honolulu akawa anafundisha hukohuko. Msikilize anavyoingia mshazari taratibu huku noti inalia, mimi hiyo naipenda kuliko pedali, ugomvi upo wazi.

SWALI: Fundi, chuma cha dukani bei yake siiwezi, soketi ya spana inafaa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa kunyoosha itakusogeza, kwa mshazari hapana, haina ncha na inateleza. Nenda kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, mwambie rodi ya milimita 19, urefu sentimita 8 hivi, upande mmoja auviringe kama risasi, halafu aisugue mpaka ing'ae, mkwaruzo wowote utausikia kwenye spika.

Na kwa wewe uliyeuliza kama nyuzi za gita la kawaida zinavutika mpaka C6: ya 1, 2 na 3 sawa, ya 6, 5 na 4 zitakatika, nunua seti yake.