Throw away, discard, dispose of au dump?

Zote ni kutupa, ila haziwezi kubadilishana kila mahali. "Throw away" ni ya kila siku: ganda la ndizi, risiti. Kiwakilishi hukaa katikati: "throw it away", si "throw away it". "Throw out" inakaribiana nayo, lakini ukiitumia kwa mtu, umemfukuza. "Discard" ni ya maandishi zaidi, mfano maelekezo ya dawa. Pia ndiyo ya kutupa karata mezani.

Inayosumbua wengi ni "dispose of". Hiyo "of" haidondoki. "Dispose the waste" ni kosa, hata kama limebandikwa ukutani ofisini. Inabeba wazo la kuondoa kitu kwa utaratibu wake: sindano zilizotumika, betri, oili chafu. Wala si lazima kiwe taka: "he disposed of the land" kwa kawaida ni kwamba ameliuza shamba.

"Dump" ni kubwaga ovyo, mara nyingi pasiporuhusiwa. Ukiandika kwenye ripoti kwamba kiwanda chenu "dumps" maji machafu mtoni, umekishtaki mwenyewe. "Scrap" iachie gari bovu, au mpango uliofutwa.