Rufaa ya jinai: soma mwenendo kabla hujaandika sababu

Nyie mnaoanza kushika mafaili ya rufaa za jinai hapa Tanzania, acheni haraka ya kuandika sababu za rufaa. Najua muda unabana, kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu notisi ni siku 10 na rufaa yenyewe siku 45 ukitoa zile za kusubiria nakala, lakini ukiandika kabla hujasoma mwenendo wote, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa na kutokea kwenye kesi, utaishia na zile za kukopi, "hakimu alikosea kisheria na kiushahidi" ukurasa mzima, na jaji hana pa kuanzia.

Tuanze na utambuzi. Kesi ya Waziri Amani ya 1980 inatajwa na kila mtu, hata wafungwa wanaojiandikia rufaa wenyewe gerezani wanaijua, ila kuitaja tu haitoshi. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitumike mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Sasa wewe nenda kwenye maneno ya shahidi mwenyewe, sio yale ya hakimu kwenye hukumu. "Kulikuwa na taa" haitoshi! Taa gani, ilikuwa wapi, mwanga wake ukoje, shahidi alisimama umbali gani, alimwona kwa muda gani, alikuwa anamfahamu au ndo mara ya kwanza. Unaweza kukuta hukumu inasema mwanga ulikuwa mkali wakati shahidi kasema "taa ya sola" basi, akakaa. Hapo ndo rufaa yako ilipo.

Cheki pia alimtaja kwa nani na lini. Anayedai alimtambua jirani yake usiku uleule halafu jina linafika polisi baada ya wiki, lazima aeleze kwa nini alikaa kimya. Kama mtuhumiwa ni mgeni kwake, je alitoa maelezo ya muonekano kabla ya gwaride la utambulisho, pale polisi wanapompanga mtuhumiwa na watu wengine ili shahidi amchague? Kumnyooshea kidole mtu aliyeko kizimbani bila gwaride kuna thamani ndogo mno.

Vielelezo sasa. Tangu kesi ya Robinson Mwanjisi, 2003, hati inapokelewa kwanza ndo inasomwa, na ikipokelewa bila kusomwa nayo inaondolewa kwenye kumbukumbu. Vijana hapa wanashangilia mapema sana, PF3 (ile fomu ya polisi anayojaza daktari) imetoka, hati ya upekuzi imetoka, wanaona mteja ameshafika nyumbani. Bado! Kama daktari alisimama akaeleza kwa mdomo alichokiona, maneno yake yanabaki. Ukishatoa kielelezo rudia kusoma kilichobaki kwa jicho la wakili wa serikali, ujiulize kama kinaweza kumtia mtu hatiani, na kama kinaweza basi hoja yako ya PF3 ni sahihi ila haimtoi.

Halafu jueni mpo ngazi gani. Rufaa ya kwanza ushahidi wote unapimwa upya, hilo lipo tangu kesi ya Pandya ya 1957, kwa hiyo mambo ya ukweli bishaneni Mahakama Kuu. Mkifika Mahakama ya Rufani ni rufaa ya pili, hoja za kisheria tu, na kama mahakama mbili za chini zimekubaliana kwenye mambo ya ukweli hawayagusi isipokuwa ushahidi ulieleweka vibaya. Ile hoja ya taa uliyoiacha Mahakama Kuu hawataisikiliza kama hoja mpya ya ukweli. Ila kama uliileta na jaji hakuupima upya ushahidi, kutoupima kwenyewe ni kosa la kisheria, liweke namba moja.