Usimwambie mtoto kwamba mama aliyemzaa amefariki

Dada, nakusihi usimwambie binti yako maneno hayo uliyoyapanga. Umeandika kwamba ana miaka 7, ameuliza kama alitoka tumboni mwako, nawe na mumeo mmekubaliana kumjibu kuwa mama aliyemzaa alifariki akijifungua, kisha ukweli usubiri hadi atimize miaka 18. Sisi tulisema hivyo hivyo, kwa ushauri wa afisa aliyekuwa akitutembelea nyumbani kabla ya kesi ya uasili, yaani ya kumfanya mtoto awe wetu kisheria, ambaye alituhakikishia kwamba kifo ni jibu linalomaliza maswali.

Hakimalizi, hasa hapa Kenya ambako watu wengi huzikwa kwenye shamba la ukoo na mtoto anajua kwamba kila kaburi lina mahali pake. Binti yetu aliuliza kaburi liko wapi. Tukasema ni mbali. Akauliza ni mbali wapi, nani analipalilia, na kwa nini hatulizuru Desemba wenzake wanapokwenda mashambani kwao. Novemba ilipofika, waumini parokiani wakiandika majina ya marehemu wao ili waombewe, alishika kalamu akaniuliza mama yake aliitwa nani. Jina nilikuwa nalijua, kwa kuwa limo katika hati ya idhini ambayo mwanamke huyo aliitia sahihi baada ya kujifungua, naye ni mtu ambaye sikuwa na sababu yoyote ya kudhani amekufa. Nikamwambia aandike "Mama" tu.

Miaka kadhaa baadaye aliikuta hati hiyo tulipokuwa tukitafuta karatasi za kuombea pasipoti. Hakulia kwa sababu ya kuasiliwa, jambo alilolijua tangu utotoni. Alilia kwa kuwa alikuwa amemwombea marehemu ambaye hakuwa marehemu, na kwa muda mrefu hakuamini lolote tulilosema, hata tulipomweleza kwamba bibi yake amelazwa hospitalini.

Afisa yule bado ananikasirisha. Kazi yake ilikuwa kumlinda mtoto, naye akatukinga sisi wazazi na mazungumzo mafupi yasiyopendeza. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unampa mtoto katika Ibara ya 7 haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Mtu wa kazi ile alipaswa kuujua.

Unaweza kumpunguzia mtoto ukweli kulingana na umri wake, lakini usimwongezee kitu ambacho siku moja utalazimika kukifuta. Kwa miaka 7 inatosha kusema: "Hukutoka tumboni mwangu. Ulikuwa tumboni mwa mama mwingine ambaye hakuweza kukulea, nasi tukaiomba mahakama tuwe wazazi wako." Akiuliza sababu nawe huijui, mwambie huijui. Wala usiseme kwamba mama huyo alimtoa kwa sababu alimpenda mno, kwa maana wewe pia unampenda, na ataanza kujiuliza utamtoa lini.

Binti yetu alitulizwa kidogo na jambo la kisheria: chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyotumika wakati wetu, mipango ya uasili haikuruhusiwa kuanza kabla mtoto hajatimiza wiki 6. Akaelewa kwamba uamuzi wa kumtoa haukukamilishwa siku aliyozaliwa.

Litoeni faili la mahakama leo usiku, mlisome wewe na mumeo, mkubaliane maneno, kisha mketi naye nyote wawili kabla hajauliza mara ya pili.